Zulia la Upande wa Pili wa Mlango

Mke wangu alipojifungua mtoto wetu wa kwanza, mama yake alikuja kutoka Njombe kutusaidia hapa Chamazi. Kwao, mkwe wa kiume hakai na mama mkwe. Nikirudi kazini nilikuwa napiga hodi kwa nguvu, nasema, "Shikamoo mama," naye anaitikia, "Marahaba, baba," akiwa ameshaingia jikoni. Hatukuwa na ugomvi. Ndivyo tulivyoheshimiana.

Mtoto akilala, mama hakuweza kukaa bure. Aliomba nguo chakavu, mke wangu akampa dera lililopauka, shuka kuukuu na fulana zangu za zamani. Jioni moja nikakuta sebuleni kitu cha duara, kipana kama sinia, chenye rangi za nguo zetu zote. Mama alikuwa uani. Nikakiinua, nikakigeuza, nikatafuta kilipoanzia. Sikupaona.

"Anafanyaje?" nikamuuliza mke wangu chumbani.

"Kamuulize mwenyewe," akasema, halafu akacheka, maana anajua siwezi.

Kesho yake akanirushia video: mikono ya mama tu, bila uso. Mie ni karani kwenye duka la vifaa vya ujenzi, na wateja walipopungua niliitazama tena na tena. Nguo zilichanwa vipande virefu, vikasukwa mkia kama nywele za mtoto wa kike, kisha mkia ukazungushwa na kushonewa ubavuni kwa sindano ya magunia. Kilichonishangaza ni fulana. Kipande chake ukikivuta, kinajikunja chenyewe, kingo zinajificha ndani. Shuka haifanyi hivyo. Nilivuta vipande vya fulana jioni nzima, nikiona raha tu vinavyojikunja.

Nikaanza zulia la kwangu, nimejifungia chumbani. Mwanzoni lilikwenda vizuri, halafu kingo zikaanza kuinuka. Nikalilaza chini ya godoro tukalilalia. Asubuhi likainuka vilevile. Nilipozidi kushona likawa bakuli kabisa, kuku angeweza kutagia humo.

Mke wangu akalichukua, akampelekea mama sebuleni. Nikabaki nyuma ya mlango. Nikasikia kicheko ambacho sikuwahi kukisikia kwake, kirefu, cha mtu anayeshika mbavu.

"Mwambie baba anauvuta mkia," akamwambia binti yake, kwa sauti ya kunifikia. "Akizunguka asiuvute. Auache ulale wenyewe."

"Muulize mama," nikasema, "nifumue lote?"

"Mwambie afumue mpaka pale lilipoanza kuinuka."

"Muulize nitapajuaje."

"Apapase kwa kiganja. Atapasikia."

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni, mtoto anamnyonya. "Nyie wawili mtanichosha," akasema. "Kwani hamsikiani?"

Nikapapasa, na kweli nikapasikia: mzunguko mmoja uliokaza kuliko wenzake. Nikafumua mpaka hapo.

Jumamosi iliyofuata mama alikihamisha kigoda chake. Siku zote alikuwa akikaa kaupa mgongo mlango wetu. Sasa alikaa ubavu, mikono yake ikaonekana kutoka chumbani. Hakunitazama, nami sikumtazama usoni. Ila akifika kwenye kuzunguka, sindano yake ilipunguza mwendo, akaulegeza mkia kwa kidole gumba, akasubiri. Mie nami chumbani nikalegeza wangu. Akiendelea, naendelea. Tulishona hivyo mpaka mtoto akaamka.

Siku aliyosafiri mama, zulia langu lilikuwa limeisha, ingawa upande mmoja uliinuka kidogo. Mke wangu aliniambia kwamba kabla ya kuondoka, mama alilikagua, akashika kipande cha bluu kwenye upande huo akakisugua.

"Hii fulana haijachakaa," alisema. "Nguo ikiwa bado mpya, inabisha, haitaki kulala."

Hilo sikulijua. Nikafungua kabati, nikaanza kuzivuta fulana zangu moja moja, nione ipi inabisha na ipi imekubali.