Talaka Iliyotamkwa na Homa

Iko siku moja, mwanangu, ambayo hadi leo siisahau. Baba yangu, akiwa kitandani hospitalini, alimwacha mama yangu kwa talaka tatu, na mwenyewe hakujua.

Tulikuwa tumemleta Moroni, kisiwa kikuu, kutoka kwetu Mutsamudu, kisiwa jirani, apasuliwe, kwa kuwa njia ya mkojo ilikuwa imeziba. Ilikuwa miaka ile ya mwanzo ya uhuru. Wafaransa walikuwa wameondoka na madaktari wao, na serikali ilikuwa mikononi mwa vijana waliotoka shule juzi. Walipiga marufuku harusi zetu kubwa, wakawafunga midomo makadhi, wakawacheka wazee barabarani. Nami nilikuwa msichana wa rika lao, na mengine yalinifurahisha, sikufichi.

Upasuaji ulikwenda salama. Kisha homa ikampanda. Baba alikuwa mshona kanzu, mtu mpole mno, lakini sasa akawa anazungumza na kaka yake aliyekwisha kufa, anaona siafu ukutani, anavuta mpira wa mkojo autoe. Miwani yake tulikuwa tumeificha isivunjike, na wauguzi walisema naye Kingazija, lugha ya kisiwa chao, yeye amezoea Kinzwani chetu. Kila aliyemsogelea alimwona adui. Muuguzi akaja na vitambaa kumfunga mikono, na mama, maskini, akamshika ili afungwe. Baba akamkodolea macho.

"Zaitun! Wewe ndiye wa kunifunga? Nimekuacha! Nimekuacha! Nimekuacha!"

Wodi nzima ilisikia. Ami yangu, mdogo wake baba, alikuwapo. Walikuwapo pia vijana wa kamati ya serikali waliokuwa wakikagua vitanda, nao wakaangua kicheko. "Bakoko, mzee wetu, mambo hayo ya zamani tumeshayafuta!" Naamini kama wasingecheka, ami angeyapuuza. Lakini alikuwa amechoka kuona dini yake inachezewa, na palepale akaamua kuitetea hata pasipotakiwa.

"Shemeji, umesikia mwenyewe," alimwambia mama. "Si halali tena kumgusa. Ondoka."

Mama aliuachia mkono wa baba. Alijitanda vizuri shiromani yake, lile vazi letu la kujifunika, ijapokuwa wale vijana hawakupenda kuona mwanamke amejifunika, akatoka. Kesho yake alipanda ndege ndogo iendayo Ouani, uwanja wa kwetu, akarudi nyumbani kwake Mutsamudu.

Daktari, mmoja wa wachache waliobaki, alipopita alimgusa baba paji la uso, akautazama mkojo, akafoka. "Nani kamfunga? Mfungueni! Huyu hana wazimu. Mkojo umeingia uchafu, na homa ndiyo iliyomfunika akili. Mimi nitamtibu uchafu huo. Ninyi mpeni maji, mvalisheni miwani, fungueni dirisha ajue mchana na usiku. Na akae naye mtu aliyemzoea kuliko wote."

"Huyo ni mkewe," nikasema.

"Si mkewe tena," akajibu ami.

Unasikia, mwanangu? Dawa ilijulikana, tukaizuia sisi wenyewe. Nilikaa naye mimi. Alinipapasa uso akitafuta wa mama, asipouona analia kama mtoto. Nikashindwa kuvumilia. Nilimkokota ami hadi Itsandra, nje kidogo ya Moroni, kwa fundi mmoja, ndivyo tumwitavyo mwalimu wa dini, mzee aliyewahi kutufundisha kwetu, ambaye vijana walikuwa wamemkataza kutoa hukumu.

"Aliposema maneno hayo alijua yuko wapi?" fundi akauliza.

"Hapana, fundi. Alikuwa anazungumza na maiti," akasema ami.

"Basi talaka ya nani? Mgonjwa asiye na akili hana talaka! Unawalaumu vijana kuichezea dini, na wewe umeichezea kuliko wao. Mrudishe mwanamke kwa mumewe!"

Tukapeleka habari Mutsamudu. Lakini siku hizo ndege iliruka ikipata mafuta, na siku ile haikupata. Asubuhi iliyofuata homa ilishuka. Baba akafumbua macho, akaniita kwa jina langu. "Mama yako yuko wapi?"

Kabla sijajibu, ami akawahi. "Kaka, ulimwacha. Lakini fundi amesema..."

Baba hakungoja ya fundi. "Mimi?" aliuliza. "Mimi nimemwacha Zaitun?" Akageukia ukuta. Ami akammalizia maneno ya fundi, lakini hakugeuka tena, na kabla ya adhuhuri alifariki. Mama alifika tumeshamkafini.

Alikaa eda ya mjane, maana alikuwa mjane. Ami alikwenda kumwomba radhi, naye akampa. Mimi sikumpa, na sasa amekufa, na bado simpi. Usiniige katika hilo.

Niige katika haya mengine. Mzee wako akipayuka hospitalini, usimwambie kachanganyikiwa kwa uzee ukaenda zako. Mwite daktari upesi atafute kilichomfunika: homa, mkojo, kiu, hata dawa alizopewa. Usibishane naye, wala usikubali afungwe kamba ili wengine wapumzike. Mrudishie miwani yake, sema naye lugha ya kwao, mwache alale usiku. Aliyemzoea asiondoke. Na akikutukana, akikulaani, akikukana, maneno hayo yaishie palepale kitandani. Usiyabebe nyumbani, na akipona usimsimulie.

Mungu akupe uzee, mwanangu. Na siku akili yako itakapofunikwa, akuwekee pembeni mtu ambaye hata ukimfukuza haondoki. Amina.