Mwano wa Bibi

Juzi niliingia mahakamani Bariadi kusikiliza kesi ya mauaji. Bibi mmoja wa Itilima alikatwa mapanga nyumbani kwake, eti mchawi. Shahidi alikuwa jirani yake, mwanamume wa makamo, ameikunja kofia kiganjani.

"Ulisikia mwano?" wakili wa serikali akamuuliza. Kwetu Usukumani mwano ni yowe la hatari. Ukipigwa, wanaume wote hutoka na silaha.

"Niliusikia."

"Ukatoka?"

"Hapana. Nilitega sikio kwanza, nijue kama ni ng'ombe wameibwa."

"Ukagundua nini?"

"Kwamba ni yule bibi tu. Nikafunga mlango."

Alisema hivyo bila kigugumizi, kama anayeeleza alivyofunga zizi. Jaji akaacha kuandika, akainua macho, akatutazama sisi wa kwenye mabenchi. Hapo ndipo niliposhtuka kwamba muda wote huo nilikuwa nikimwitikia shahidi kwa kichwa, kama mtu anayesimuliwa jambo la kawaida.

Kesi ilipoahirishwa, washtakiwa wawili walirudishwa mahabusu na pingu mikononi. Mimi, askari wa mlangoni alinipisha kwa heshima zote.

"Pita, mzee wangu."

Nikapita, nikiangalia chini.