Zaburi Chini ya Mto

Wapo watakaosoma haya wakacheka, na siwalaumu, maana mimi mwenyewe nilikuwa wa mbele kucheka watu wakinihadithia mambo kama haya. Shangazi yangu alikuwa hakosi jini. Ufunguo ukipotea, jini. Mchuzi ukiungua, jini. Nilikuwa nikimtania kwamba majini wote wa Oman hawana kazi nyengine ila kumsumbua yeye. Sasa simtanii tena. Haya yametokea nyumbani kwangu, Bawshar, hapa Maskati, kwenye nyumba yenye taa za kutosha na kiyoyozi kila chumba, na aliyekaribia kuchukuliwa ni mwanangu wa kumzaa. Basi cheka ukitaka, lakini nisikilize mpaka mwisho.

Kazi yangu ni kutengeneza vitabu vya zamani. Watu huniletea misahafu ya babu zao na vitabu vya fikihi vilivyokuja na familia kutoka Unguja, kurasa zimeliwa na wadudu, jalada limebanduka, nami huvishona na kuvitia gundi kwenye chumba kidogo kilicho pembeni mwa jiko. Ni kazi ya subira, na mimi subira sina hata chembe isipokuwa kwa vitabu. Mume wangu anafanya kazi Duqm, hurudi mwisho wa wiki. Kwa hiyo siku nyingi tuko watatu tu: mimi, binti yetu Thuraya, aliyekuwa darasa la kwanza wakati ule, na Nekesa, dada kutoka Bungoma, Kenya, anayetusaidia nyumbani tangu Thuraya hajaota meno.

Kitabu chenyewe kiliingia kwangu kwa njia ya kawaida kabisa. Mzee mmoja wa Bustan, mtu wa heshima zake anayependa vitu vya kale, aliniletea ndani ya boksi la viatu. Alisema kimerithiwa kutoka kwa babu yake aliyekuwa akifanya biashara Misri. Kilikuwa kidogo, hakizidi kiganja, lakini kinene, jalada lake mbao zilizovikwa ngozi, na mikanda ya ngozi ya kukifungia. Kurasa zake pia ni ngozi, si karatasi. Mzee akanieleza kuwa ni Zaburi kwa lugha ya Kikopti, yaani lugha ya Wakristo wa Misri wa zama zile ambazo mafirauni walishasahauliwa na Uislamu ulikuwa bado haujafika kule. Ukurasa wa kwanza ulichorwa msalaba wenye kitanzi juu, kwa rangi nyekundu na manjano, na rangi bado iko hai.

Padri mmoja wa Kimisri aliwahi kumsomea ukurasa wa mwisho. Yule aliyekiandika alijiita mnyonge mwenye dhambi, akamsihi kila atakayekisoma amwombee. Hilo lilinigusa, nakwambia kweli, kwa sababu waandishi wetu wa zamani nao humalizia hivyo hivyo, kila mmoja anajiita fakiri mbele ya Mola wake. Nikakipenda kile kitabu. Mzee hakuniambia kilipatikana wapi hasa, na mimi sikuuliza.

Jambo moja tu nililiona geni. Mbao ya jalada la nyuma ilikuwa imebonyea katikati, kama iliyolaliwa na kitu kizito cha mviringo kwa muda mrefu sana. Pale penye kubonyea pana doa jeusi, na ndani ya doa zimenasa nywele chache, nyembamba, laini. Nikadhani ni za paka wa mtu. Nekesa aliponiletea chai akauliza ni nini kile, nikamwambia Zaburi, nikamwonyesha msalaba. Uso wake ukafunguka. Akasimama pale mpaka chai ikapoa.

Wiki ile ile Thuraya akashikwa na homa. Tukaenda hospitali, tukapewa dawa, tukaambiwa itapita. Asubuhi inashuka, alasiri inapanda tena, na ikipanda mtoto anaweweseka, anasukuma kitu hewani kwa mikono. Niliogopa, lakini ilikuwa woga wa kila mama, ule wa kupima joto kila saa na kugombana na daktari kwenye simu.

Sasa nikueleze jambo nililokuja kulijua baadaye, ili usinipotee. Kwa kina Nekesa, mtoto akisumbuliwa na ndoto mbaya, huwekewa Biblia chini ya mto. Ndivyo alivyolelewa, na ndivyo alivyowalea wadogo zake. Lakini Biblia ya Nekesa iko ndani ya simu, na simu kitandani kwa mtoto nimeipiga marufuku mwenyewe, tena kwa ukali. Akafikiri. Kile kitabu kidogo ni Zaburi, Zaburi ni za Daudi, na Daudi hata sisi Waislamu tunamwamini kuwa ni Mtume. Nani atakasirika? Akakichukua mezani kwangu nilipokuwa nimelala kidogo baada ya adhuhuri, akakifunga kwenye leso safi, akakiweka chini ya mto wa Thuraya. Alifanya kwa mapenzi. Simlaumu mpaka leo.

Maghrib iliadhiniwa, nikasali. Nilipotoa salamu nikasikia mtu anaimba chinichini chumbani kwa mtoto, wimbo wa kubembeleza, wa sauti mbili tatu tu zinazojirudia. Nikasema moyoni, Nekesa huyo. Kisha nikasikia mashine ya kusagia inanguruma jikoni, na Nekesa anazungumza na simu yake. Nikasema basi ni jirani. Huku kwetu wanawake huja kumjulia hali mgonjwa wakati wowote, na mlango wa mbele saa zile huwa wazi. Utaamini kwamba niliona haya? Niliona haya kwa kuwa sijaandaa kahawa wala halwa. Nikajifunga mtandio wangu vizuri, nikaingia na salamu. Haikujibiwa.

Mwanamke alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, amenipa mgongo. Amejitanda shuka nzito ya sufu yenye mapambo ya kufumwa kwenye pindo, imemfunika mpaka usoni. Sufu, Maskati, mwezi wa Juni. Chumba kilikuwa na harufu ninayoijua, harufu ya ngozi ya kale ninayoivuta kila siku kazini, lakini hapa ilikuwa kali mpaka naionja kwenye ulimi. Mikono yake ilikuwa ikienda na kurudi, taratibu, kwa utaalamu. Nikasogea nione anashughulika na nini.

Alikuwa amechana shuka la kitanda vipande virefu vyembamba. Alikuwa anamfunga mwanangu. Ameanzia miguuni, ameibana pamoja, amekuja juu kwa kupishanisha vitambaa, huku na huku, vizuri, bila mkunjo hata mmoja. Ameshafika kifuani, na mikono ya Thuraya iko ndani. Uso wa mtoto umeelekezwa juu, macho nusu wazi, kichwa kimenyooshwa katikati ya mto.

"Bibi, unafanya nini?" nikasema.

"Taratibu," akanijibu bila ya kugeuka. "Ndiyo kwanza amelala."

Haikuwa Kiarabu, haikuwa Kiswahili, haikuwa lugha yoyote niliyowahi kuisikia, na nilimwelewa kila neno. Usiniulize vipi. Nikaanza kusoma Ayatul Kursiyyu, ulimi unagonga meno. Na yule mwanamke akasimamisha mikono, akainamisha kichwa, akasikiliza kwa adabu mpaka nikamaliza, kama mtu anavyomheshimu jirani anayesali. Kisha akaendelea kufunga.

Hapo ndipo nilipoogopa kweli kweli. Shangazi yangu aliniambia miaka yote kwamba shetani aya hii haistahimili, hukimbia. Huyu hakukimbia. Hakuwa shetani. Alikuwa mama anayemkafini mwanawe, anamvika sanda, na mimi sijafundishwa dua ya kumfukuza mama kwa mtoto wake. Wewe umefundishwa?

Nikamrukia Thuraya, nikamvuta. Hakusogea. Mtoto ninayembeba kwa mkono mmoja alikuwa mzito kama godoro lililoloa. Nikamwambia yule mwanamke kwamba huyu ni wangu, kwamba wake hayupo hapa. Akaniuliza, kwa upole uleule, ikiwa si wake, mbona amelalia kitabu chake?

"Mwite, basi," akasema.

Nikamwita Thuraya. Nikamwita tena, nikamwita kwa nguvu, nikamwita mpaka sauti ikapasuka. Kope hazikutikisika. Kisha yeye akaita. Jina fupi, alilitamka kwa sauti ya chini, mara moja tu. Midomo ya mwanangu ikafunguka.

"Labeka, mama."

Mtoto wa kike akiitwa na mkubwa wake huitika labeka, nimemfundisha mwenyewe, na miezi yote ya kumfundisha hajawahi kunipa mimi jibu hilo isipokuwa kwa kulazimishwa. Kwa yule alilitoa kwa hiari. Nikapiga ukelele wa kumwita Nekesa.

Nekesa alifika mbio, akaganda mlangoni, mwiko mkononi. Alimtazama yule, akanitazama mimi, akamtazama yule. Nikamwambia atafute kitabu, kiko kitabu, akitoe. Yule mwanamke naye alimgeukia, akamwambia neno ambalo mimi sikulisikia. Muda ule mfupi Nekesa aliosimama pale ulinizeesha. Kisha akatupa mwiko, akapitisha mkono chini ya mto, akavuta. Leso ikafunguka na kitabu kikaanguka sakafuni.

Mwanamke alitoa sauti. Siwezi kuieleza, na sitaki. Alijitupa chini, akawa anapapasa vigae kwa mikono yote miwili, kama mtu aliyeangusha mtoto mchanga kwenye giza. Na uzito ukamtoka Thuraya. Nikamnyanyua na vitambaa vyake, tukatoka mbio mpaka kwenye gari, miguu mitupu, mtandio umebaki huko huko, mimi ambaye sifungui hata geti kichwa wazi. Hospitali muuguzi alivikata vile vitambaa kwa mkasi, akauliza kwa ukali ni nani aliyemfunga mtoto namna hii.

Homa ilimtoka usiku ule ule. Tulipokuwa tumekaa kwenye viti tunasubiri, Nekesa alinieleza habari ya kitabu huku analia, nami nikamuuliza kwa nini alisimama vile mlangoni badala ya kunisikiliza.

"Niliona nyinyi wawili, Mama Thuraya," akasema. "Wewe umekaa, na wewe umesimama. Uso ni huo wako. Mmoja ananiambia nitoe kitabu, mwingine ananiambia nikiache."

"Ulinijuaje?"

"Sikukujua. Yule wa kukaa alikuwa ametulia, alikuwa ameshakubali mtoto ameenda. Nikafuata yule hajakubali."

Siku ya pili nilikikuta kitabu pale pale sakafuni, yule mwanamke hayupo, nikamrudishia yule mzee kitabu chake, nikamshika mpaka akasema. Akasema ndiyo, babu yake aliambiwa na muuzaji kwamba kilitolewa kaburini, chini ya kichwa cha mtoto wa kike, kimewekwa kama mto. Hakuniambia kwa kuwa alichelea ningekataa kazi. Nikamtaka akirudishe kilikotoka. Akasema kaburi lenyewe hakuna anayejua liko wapi, na waliolichimba walitupa mifupa. Nadhani ndiyo maana yule mama anakifuata kitabu. Hana kingine cha kufuata.

Thuraya yu mzima. Anakwenda skuli, anagombana na wenzake, hakumbuki lolote. Nekesa bado yuko nasi, lakini ikikaribia Maghrib chumba kile hakiingii. Nami nilikuwa nimeanza kupata usingizi, mpaka mwezi uliopita.

Tulikwenda Mutrah kutazama meli kubwa za watalii pale Bandari ya Sultan Qaboos. Wakati wa kurudi Thuraya aliponyoka mkononi mwangu, akakimbilia barabarani kumfuata paka. Gari lilikuwa linakuja kwa kasi. Nikaita, "Thuraya!" Hakugeuka. Nikaita tena kwa pumzi zangu zote, watu wote wakageuka isipokuwa yeye. Mguu wake mmoja ulikuwa umeshashuka kwenye lami. Na mimi, wallahi sikupanga, nikaita lile jina jengine.

Akasimama papo hapo. Gari likapita. Akanigeukia, amenyooka, mpole, akaniambia, "Labeka, mama."

Watu wakasema alhamdulillah, nami nikasema pamoja nao, nimemkumbatia. Lakini nyuma yangu, karibu kabisa na sikio, nilisikia mtu ameshusha pumzi, pumzi ya mama aliyempata mwanawe, na ile harufu ya ngozi ikapita.

Jina hilo sitaliandika hapa, usije ukalitamka nyumbani kwako. Ninachokuomba ni hiki. Kitu cha kale kikikufikia, kiwe kitakatifu namna gani, uliza kwanza kimechukuliwa kutoka kwa nani, na usimlaze mtoto juu yake. Na kama ameshakilalia, usikae kusoma maneno yangu. Nenda kamwite mwanao kwa jina ulilompa, umngoje mpaka akuitikie.