Siku Wamama wa Maombi Walipoiponya Bakkie Yangu

Mimi ni mzee, na mzee akikwambia amepata aibu ujue ni aibu kweli, maana zile ndogo ndogo tumeshazizoea. Hii ninayowaeleza hata sasa nikipita karibu na ile gereji nageuza uso upande wa pili, kama mtu anayetafuta namba ya nyumba, kwa sababu askari wa getini akiniona lazima apige makofi na kuita, "Mkhulu! Injini yako haijambo?" Mkhulu kwa Kizulu ni babu. Na injini anayoiuliza si injini. Ni mama mmoja wa kanisani kwetu. Tulieni, nitafika.

Nilinunua bakkie mpya. Bakkie ndivyo tunavyoita pickup hapa Durban, na yangu ilikuwa ya milango minne, nyeupe, viti bado vina nailoni (hiyo nailoni nilikataa kuitoa miezi miwili, mke wangu Mama Safi akawa anateleza kila nikikata kona). Kazi yangu ni kubeba mizigo ya wafanyabiashara wa kwetu Kongo, natoa bandarini napeleka dukani, halafu narudi mtupu kuchukua mingine. Shule sikwenda sana, niliishia pale wanapoanza kugawanya, lakini kuendesha najua tangu Uvira, kwenye barabara ambazo nyingine ukiziita barabara unazisifu bure.

Basi gari mpya ile, wiki ya tatu, ikaanza kuzima. Hivi hivi. Unafika kwenye robot, yaani taa za barabarani, unakanyaga breki, na taa zote za ndani zinakufa kama nyumba iliyokatiwa umeme. Unakaa dakika kumi na watu wanakupigia honi, halafu inawaka yenyewe na kuendelea kana kwamba wewe ndiye uliyelala.

Nikaipeleka gereji ya kampuni, ile ya Umgeni Road. Wakaiwasha uani, wakaichomeka kompyuta, kompyuta ikasema haioni kitu. Wakaandika kwenye karatasi: hakuna kasoro. Nikarudi mara ya pili, hakuna kasoro. Mara ya tatu, ya nne. Mimi ni mtu wa kutaka kujua, huo ni ugonjwa wangu tangu utotoni (redio ya marehemu baba niliifungua nione anakaa nani ndani, nikachapwa, na sikumwona mtu), kwa hiyo nikaanza kuichunguza mwenyewe. Nikadhani ni joto, nikaendesha alfajiri, ikazima. Nikadhani ni chumvi ya bahari kule bandarini, nikawa naiosha kila siku. Nikadhani ni marashi ya Mama Safi, nikamwambia asijipake. Hilo sikulirudia. Kitu kimoja tu niliona, kwamba inapenda kuzima wakati wa kurudi, sio wa kwenda, nikasema labda na yenyewe inachoka kama mimi.

Halafu siku moja ikazima katikati ya barabara kubwa, Mama Safi yuko kando yangu, lori la makontena linakuja nyuma. Lile lori lilitukwepa kwa upana wa kiganja. Mama Safi hakupiga kelele. Alishuka, akaenda kukaa kwenye nyasi, akasema, "Papa Safi, mimi na gari hii tumemaliza. Iondoke hii, ama utaniona kwenye taxi mpaka siku ya kunizika." (Taxi hapa ni mabasi madogo ya abiria.) Nikamwahidi kwamba itaondoka. Sikujua naahidi nini.

Kanisani kwetu iko Mkenya mmoja, Mwalimu Kiprono, anafundisha chuo kikuu na anajua karatasi. Akaniambia, "Mzee, sheria iko. Gari mpya ikiharibika, wakashindwa kuitengeneza, kampuni inaichukua na kukurudishia pesa zako. Shida ni kwamba hizo karatasi zako nne zinasema haijawahi kuharibika." Akaandika barua, na kampuni ikajibu: Jumanne saa nne mhandisi wao atakuja kutoka Johannesburg, ataiendesha mwenyewe. Ikizima mbele yake, tutaongea. Isipozima, faili imefungwa.

Mnaelewa sasa? Nilitakiwa nipeleke gari mbovu, na iwe mbovu saa nne kamili.

Na gari hizi mnazijua, mbele ya fundi zinakuwa na adabu kama mtoto mbele ya mgeni. Usingizi ukaniisha. Ndipo Jumapili nikachukua uamuzi mdogo tu, mdogo kama punje ya mtama: nikaenda kwa wamama wa maombi. Wako sita, mkubwa wao ni Mama Furaha, mama mwenye mwili wa neema na sauti ya kuamsha mtaa. Nilitaka kuwaambia, wamama, ombeni gari yangu izime. Lakini nilipowaona na vitambaa vyao vyeupe, nikaona haya. Utamwambiaje Mungu aharibu? Nikasema tu, "Wamama, gari yangu inaumwa, Jumanne inaonwa na mkubwa kutoka Joburg. Niombeeni." Mama Furaha akanishika mkono akasema, "Papa Safi, hiyo umetuachia sisi."

Wakafunga siku mbili. Mimi nilipaswa kusimama hapo niseme ukweli, hata Jumatatu nilikuwa bado na nafasi. Nikanyamaza.

Jumanne asubuhi natoka nyumbani Greyville, nawakuta wote sita wamesimama kando ya gari na sare za kanisani. "Tunakusindikiza." Nikasema haina haja. Mama Furaha akasema, "Tumefunga siku mbili, unataka tusione?" Wakapanda nyuma kwenye sehemu ya mizigo, mmoja mmoja, na Mama Furaha alipopanda, pua ya gari ilitazama juu kama inasali. Mwalimu Kiprono, aliyekuja kunitafsiria Kiingereza, akaninong'oneza, "Mzee, hawa ni wa nini?" Nikamwambia ni mashahidi. Neno lilitoka lenyewe.

Tulipofika gereji, mhandisi alikuwa mwanamke, Mhindi wa hapa hapa Natal aliyehamia Joburg, Madame Pillay, mfupi, viatu vya kazi, kalamu imechomekwa kwenye nywele. Akawatazama wamama. Mwalimu akamwambia ni mashahidi wa mteja. Akasema watu nyuma hapana. Mama Furaha akauliza amesema nini, akaelezwa, akajibu bila kushuka, "Shahidi asiyeona ni shahidi gani? Mwambie aendeshe pole pole." Madame akacheka kidogo, akashika usukani.

Ndugu zangu, ile gari ilikwenda! Robot ya kwanza, breki, kimya, inanguruma vizuri. Ya pili, vizuri. Akaizungusha mpaka kwenye uwanja wa mbio za farasi, ile robot ambayo huniulia gari kila wiki, nikafumba macho, nikamwomba Mungu kwa Kiswahili, kwa Kifaransa, hata kwa Kifuliiru, zima, zima, zima. Haikuzima. Na huko nyuma kila tukivuka robot naisikia "Aleluyaaa!", wamama wanapiga kwenye bodi kama ngoma.

Tukarudi gereji. Pale mbele kuna kioo kikubwa, wauzaji na tai zao, wateja wanakunywa kahawa. Wamama wakaanza vigelegele humo humo ndani ya bakkie, watu wote wakatoka. Madame Pillay akamuuliza Mwalimu, hawa wanasema nini? Mwalimu wa watu akavua miwani, akaifuta, akairudisha. Akasema kwa Kiingereza, hata mimi nilielewa, "Wanasema gari imepona."

Mashahidi wangu mwenyewe! Madame akafunga faili. Nikasikia masikio yanawaka. Nikamrukia Mwalimu, nikamwambia mwambie iliumwa, mwambie awaulize wenyewe. Madame akauliza: ninyi mliiona ikizima siku gani?

Mama Furaha akajibu kwa furaha yake yote, "Sisi? Hata siku moja! Tumepanda hii kwenda msibani, kwenda harusini, kwenda kwenye ubatizo, haijawahi kuzima tukiwa ndani. Mungu ni mwema!"

"Kila wakati!" wengine wakaitikia.

Hapo nilitamani nipungue nipungue mpaka nienee kwenye soksi. Mtu ameleta mashahidi sita kutoka nyumbani, na wote sita wanamwita mwongo kwa nyimbo. Muuzaji mmoja alikuwa ameshatoa simu anapiga video.

Lakini Madame Pillay hakuingia ndani. Alisimama pale, akachomoa kalamu kwenye nywele, akajikuna nayo kichwani. Na mimi ninamjua mtu anayetaka kujua, maana ndivyo nilivyo. Akasema pole pole, hawajaiona ikizima hata siku moja. Kila wakati wakiwa nyuma? Kila wakati, nikasema. Na barua inasema inazima ukirudi kutoka kwa wateja, ukiwa mtupu? Ndiyo. Akainama akachungulia chini ya gari. Akainuka, akasema, "Watatu washuke."

Wakashuka watatu. Akazunguka hadi robot ya kona, mbele ya macho ya watu wote, akakanyaga breki. Haikuzima. Akarudi, akashusha wawili. Akabaki Mama Furaha peke yake huko nyuma, ameketi kama gavana, kitambaa kinapepea. Robot, breki. Haikuzima. Tukarudi. Sasa wateja walikuwa wamejipanga kama kwenye mpira, na askari wa getini akapiga kelele, "Eish, mkhulu, kumbe huyu mama ndiye injini!" Watu wakaangua kicheko. Mama Furaha haelewi wanachocheka, anawapungia mkono.

"Na yeye ashuke," akasema Madame.

Mama Furaha akashuka. Gari ikapumua juu, mnajua, springi zikainuka hivi. Tukaondoka, Madame, Mwalimu na mimi. Robot ya kona ikawa nyekundu. Breki.

Pu. Kimya. Taa zote zimekufa.

Na mimi, mzee mzima mwenye wajukuu, nilifungua mlango katikati ya barabara, nikarukaruka mikono juu, nikapiga kelele, "Imezima! Asante Yesu! Imezima!" Taxi zinapiga honi nyuma, dereva mmoja ananiuliza kama nina wazimu, mimi nampa mkono. Nilicheza, siwafichi. Nilicheza mpaka kofia ikaanguka. Nilipoinama kuiokota ndipo nikaona pale kando ya barabara vitambaa sita vyeupe, vimesimama, vinaniangalia. Hakuna aliyeimba.

Madame alilala chini ya gari palepale na tochi. Akaniita nione, na mimi nikalala kando yake, aibu haikunizuia, nilitaka kuona. Waya mmoja unaopita karibu na springi ya nyuma. Kiwandani waliukata mfupi. Ukiweka mzigo, mwili wa gari unashuka, waya unalegea, mambo mazuri. Gari ikiwa tupu mwili unainuka, waya unavutika, na ukikanyaga breki nyuma inainuka zaidi, waya unagusa chuma pale ulipochubuka ngozi, umeme wote unakufa. Waya mwembamba kama mkia wa panya! Gereji mara nne hakuna aliyeinama. Kusema kweli hiyo ndiyo furaha niliyopata siku ile, kuona ni nini.

Madame aliandika kwa mkono wake: kasoro ya kiwanda, gereji imeshindwa mara nne. Akaniambia kuna njia mbili, abadilishe waya niondoke nayo, ama kampuni iichukue. Nikamkumbuka Mama Safi kwenye nyasi. Nikasema ichukueni. Nikaweka sahihi yangu (ina herufi tatu tu, lakini nazichora vizuri), nikaacha funguo mezani. Haki nilipata, msiseme sikupata.

Nikatoka nje, mikono mitupu, na hapo ndipo nikakumbuka kwamba hao wamama sita nilikuja nao mimi.

Tukatembea kwa mguu kwenda kutafuta taxi, wao mbele, mimi nyuma, Mwalimu Kiprono akiwa amepata ghafla kipindi cha kufundisha. Jua kali, matumbo yao matupu ya siku mbili. Kila mtu aliyekutana nasi alidhani tunatoka kuzika. Tulipokaa kwenye taxi Mama Furaha akanibana dirishani.

"Papa Safi. Ulitaka ipone ama ulitaka izime?"

Nikamwambia nilitaka izime, mama. Niliona haya kuwaambia.

Akavua kitambaa, akajifuta jasho, akasema, "Ungelisema tu. Tungeliomba izime, na ingelizima hapo getini kwako, na sisi tungelibaki nyumbani."

Mama Safi nilipomweleza alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi nimeapa: nikiwa na haja tena nitaisema kama ilivyo, hata kama ni haja mbaya, hata kama naviambia vitambaa vyeupe sita. Na waya wowote, wa gari yoyote, nitaanza kuutafuta mimi mwenyewe, nimelala chini kwa tumbo, kabla ya kumsumbua Mungu wala Mama Furaha.