Wimbo Uliomtaja Nabintu

Asubuhi ile tulikuwa uani, mimi na dada yangu Nabintu, tunamenya mihogo, na redio ya jirani inapiga wimbo unaomtaja dada. Patrisi, mpiga gitaa wa kijijini kwetu Kivu ya Kusini, alimtaka, dada akamkataa. Basi akatunga wimbo na kuuita "Nabintu". Alitaja kila kitu humo: mwanya wake, duka lake la unga hapo nyumbani, hata kisima kilicho mbele ya duka.

"Ule kijana ananianika," dada alisema kwa hasira. Mimi na majirani tulicheka, tukaendelea kuucheza.

Kabla ya jua kuwa kali, wenye bunduki waliingia.

Mmoja alikuwa na wimbo ule kwenye simu. Alisimama kisimani.

"Nabintu wa wimbo ni nani?"

Tuliinamia mihogo yetu.

Aliliona duka, akaingia. Dada alimfuata, na alipofungua mdomo kumsihi, yule mtu aliuona mwanya.

Walimchukua. Hata mwili wa kuzika hatukuupata.

Tulikimbilia Uganda, na baadaye nilijifungua binti hapa kambi ya wakimbizi ya Nakivale, kijiji cha Misiera. Mama alisema apewe jina la marehemu dada yangu, kama ilivyo desturi ya ukoo wetu. Nilikubali kwa moyo wote. Kabla ya ubatizo tulialikwa arusi mjini Mbarara, mtaa wa Kamukuzi, nikaenda na mtoto mgongoni. Patrisi ndiye aliyekuwa akiimba, wimbo ule ule. Mwanya, duka, kisima, vyote vilikuwa bado vimo, na watu walipiga vigelegele. Nilimfuata jukwaani.

"Patrisi, unanijua?"

"Uko dada mudogo wa Nabintu! Nilisikiaka habari. Pole sana."

"Ulisikia, na ungali unaimba ile kisima?"

"Batu banaupenda mingi, dada. Na ile wimbo inachunga jina yake."

Inachunga! Eti inalitunza jina! Nilitamani kumvunjia gitaa kichwani. Waliomchukua dada ninawachukia, lakini hao sijui hata wanaitwaje. Huyu ninamjua, na alikuwa anatabasamu.

Alimwona mtoto, akasogeza kipaza sauti mdomoni.

"Acha nimuimbie na yeye. Anaitwa nani?"

Nilivuta kitenge nikamfunika mtoto kichwa, nikatoka.

Binti yangu alibatizwa Odeta. Mama alilia, na simlaumu. Nyumbani kwetu hakuna tena wa kuitwa Nabintu akaitika. Patrisi bado anamwita, kila arusi.