Maji ya Waliochelewa

Nikipita karibu na posho mill, kinu cha kusagia mahindi, hapa Kitale, harufu ya dizeli hunirudisha jikoni kwa babu, Bungoma.

Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, babu alifanya kazi Mombasa katika meli kubwa iliyotunza nyambizi. Ndani ya nyambizi hakukuwa na pa kuoga, kwa hiyo mabaharia walipanda kwake wakinuka dizeli, naye akawachemshia maji. Baba alikuwa dereva wa lori, akinuka vivyo hivyo. Hata alipokosa kurudi kutoka safari moja, babu aliendelea kumbandikia maji kila jioni.

Mama, ambaye kwa heshima hakusema na baba mkwe wake ana kwa ana, alinituma.

“Mwambie babu amwage hayo maji. Kuni zinaisha.”

Nilimwambia. Babu alisukuma kuni ndani zaidi.

“Kule kwa meli, nyambizi moja ilichelewa. Mkubwa akasema nimwage maji yao. Nikamwaga.”

“Walirudi?”

Alifunika sufuria polepole.

“Mwambie mama yako maji bado ni moto.”

Nilipomfikishia mama maneno hayo, alitoka nje kutafuta kuni zaidi.