Chupa ya Mwalimu na Mkono Wangu

Ulikuwa mwaka wa unga wa njano. Sisi wa Endamarariek hatuhitaji tarehe. Tutajie tu ugali ule wa msaada, ulionuka gunia na kukwaruza koo, tutakwambia nani alizaliwa na nani alizikwa. Juzi nilifungua gunia la chakula cha kuku, harufu ileile ikanipiga puani, nikarudi darasa la nne, miguu peku.

Sikusoma sana, niliishia la tano. Somo moja tu lilinishika.

Kabla ya hapo mama alijifungua mtoto akafa. Kwetu Wairaqw nyumba ya namna hiyo ilikaa metimani: haitembelewi, watu wake hawapewi mkono, hakuna anayeomba moto kwao, maana balaa linahama kwa kugusana. Baadaye wazee walitufungulia, na mama akazaa tena, msichana. Lakini watoto wa shule hawakutufungulia. Dawati nililikalia peke yangu, kama malkia.

Mwalimu wetu, kijana wa Moshi asiyejua mambo hayo, alileta chupa ya jemu. Kizibo alikikata kwenye kandambili kuukuu, akapitisha waya katikati. Ndani, kwenye ncha ya waya, vilining'inia vipande viwili vya ile karatasi inayong'aa ya pakiti ya sigara. Ilikuwa kiangazi, vumbi jekundu mpaka kwenye kope. Alisugua kitana kwenye sweta lake, akakigusisha kwenye waya. Vipande vikaachana kama mbawa za kumbikumbi. Akaondoa kitana, vikabaki vimeachana.

"Kuna chaji humo," alisema. "Hamuioni, lakini ipo."

Kitu kisichoonekana, kinachohama kwa kugusana. Hicho tulikijua.

"Wewe wa mbele, gusa waya."

Nikagusa. Mbawa zikaanguka, zikalala kama zimekufa.

Paskalina, mtoto wa jirani yetu, akasema taratibu nyuma yangu, "Si mnaona. Mkono wa nyumba ile."

Mwalimu alieleza kwamba chaji imepita mwilini mwangu ikashuka ardhini, na kwamba mkono wowote ungefanya hivyo. Sikumsikia. Nilikuwa nautazama mkono.

Nyumbani mama alikuwa jikoni na mtoto mgongoni. "Mshike mdogo wako, nisonge ugali."

"Sigusi. Tafuta mwingine."

"Una wivu wewe? Mshike."

"Sigusi. Tafuta mwingine."

Nilipigwa mwiko, na uji wa moto ukiwa bado juu yake. Sikulia. Nilitazama mgongo mdogo wa mtoto ukipanda na kushuka, nikaona mbawa zile za chupani.

Masika ukungu ulishuka kutoka msitu wa Ngorongoro, mwalimu akatoa tena chupa yake. Alisugua kitana mpaka akatoka jasho. Mbawa ziliachana kidogo, zikalala zenyewe. Hakuna aliyegusa. "Hewa ina maji," alisema, "imeondoka na chaji yetu." Siku hiyo nilirudi mbio, nikamchukua mdogo wangu bila kuambiwa. Mama aligeuka, akaegemea ukuta, akajifunika uso kwa kanga.

Nilidhani ni moshi. Leo mdogo wangu ni mnene kunizidi, na mjukuu wangu wa kwanza nimempokea mimi, kwa mkono huuhuu. Ndipo nilipoelewa. Mimi niliogopa chupa. Mama, aliyekaa metimani miezi yote ile akinyimwa hata salamu, alisikia maneno ya majirani yakitoka kinywani mwa mwanawe:

"Sigusi. Tafuta mwingine."